UZI: Mtoto wa wiki sita ana kidonda cha wembe, mama anasema "sista, iwe siri yetu". Siri hiyo ni ya nani?

MkungaWaKati (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wadau.

Nataka tujadili ukeketaji wa watoto wachanga, jambo ambalo wauguzi wa Dodoma, Singida na Manyara tunakutana nalo kwenye chumba cha mzani, halafu tunalinyamazia. Chuoni tulifundishwa kutunza siri ya mgonjwa mpaka ikaingia damuni. Mipaka ya siri hiyo tulipitishwa haraka haraka.

Mama kaleta mtoto wa kike kwa chanjo ya wiki ya sita. Unamvua nguo umpime uzito, unakuta nepi ina madoa ya damu na sehemu za siri zina kidonda kibichi. Mama anaangalia chini. Bibi wa mtoto yuko nje kwenye benchi, hajaingia. Ukiuliza unaambiwa, "Alikuwa na lawalawa, bibi yake kamtibu. Sista, nakuomba iwe siri yetu."

Kwa wasiotoka huku, lawalawa ni jina tunaloyaita maradhi ya sehemu za siri: muwasho, usaha, harufu, mkojo unaochoma. Lilishika kasi miaka ya 1970, na watu wengi wa Dodoma na Singida wakaamini kwamba ni adhabu ya mizimu kwa kuacha mila, na kwamba halina dawa nyingine zaidi ya kukeketa. Kitaalamu ni maambukizi ya kawaida ya njia ya mkojo au ya uke, yanayotibika kwa usafi na antibayotiki. Lakini fikirieni kiangazi cha kwetu, maji yako mbali, ndoo moja inapikia, inaogesha na kufulia. Muwasho lazima utokee. Kwa hiyo kila kiangazi imani ile inajiona imethibitishwa.

Mwaka 1998 Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ilifanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai. Ngoma na sherehe zikapungua, lakini katika familia nyingi wembe ulishuka kwa watoto wachanga, kwa sababu mchanga hasimulii shuleni na kidonda chake kinapona kabla jirani hajajua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 47 ya wanawake wa Dodoma wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, mkoa wa pili baada ya Manyara wenye 58, wakati kitaifa ilikuwa asilimia 10. Na kati ya waliokeketwa nchini, takriban theluthi moja walikeketwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Maana yake ni kwamba mtu wa kwanza nje ya familia kukiona kidonda hicho ni muuguzi wa chanjo. Si mwalimu, si polisi, si mchungaji. Ni sisi.

Msimamo wangu ni huu. Siri ni mali ya mgonjwa, na mgonjwa aliye mezani hapo ni mtoto. Mama ni mlezi wake, anastahili heshima na lugha nzuri, lakini hana mamlaka ya kunifunga mdomo juu ya jeraha la mtu mwingine. Tunatibu, tunaandika, tunatoa taarifa. Naomba hoja zenu, hasa mnaopinga, maana najua mpo na najua sababu zenu ni nzito.

Kijana_wa_Makole

Natia nanga hapa. Mada nzito.

NesiWaKijijini

Dada, nakuheshimu, lakini hayo ni maneno ya mtu mwenye hospitali nyuma yake. Mimi nipo zahanati ya kijiji, watumishi wawili, mwenzangu akienda kufuata dawa wilayani nabaki peke yangu. Nyumba yangu iko hatua chache kutoka kwa mwenyekiti wa kijiji. Maji nachota nao, mwanangu anasoma na watoto wao. Mtendaji ninayetakiwa kumpelekea taarifa ni mjomba wa baba wa mtoto. Nikitoa taarifa saa nne asubuhi, saa sita kijiji kizima kinajua ni sista.

Halafu kuna hili la pili ambalo linaniuma zaidi. Mwezi ujao akina mama wangapi watakuja? Tumehangaika miaka mingi kuwatoa kwa wakunga wa jadi wajifungulie zahanati. Wakisikia kliniki inapeleka watu polisi, watazaa nyumbani na watoto watakosa chanjo. Mtoto mmoja umemtetea, kumi wamepata surua. Hiyo nayo si madhara? Sisi tuliapa kutodhuru.

Wakili_AreaC

Naomba niweke upande wa sheria, kisha mtabishana kwenye maadili.

Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inampa wajibu mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Haikusema daktari tu wala mwalimu tu. Kwa hiyo swali la "nitoe au nisitoe" sheria imekwisha kulijibu. Linalobaki mikononi mwa muuguzi ni namna ya kutoa.

Ukeketaji upo kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 169A, chini ya ukatili kwa watoto. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili, na mahakama inaweza kuamuru fidia. Kinamgusa anayemlea mtoto na kumsababishia kitendo hicho.

Nimsaidie NesiWaKijijini kwa hili: mamlaka ya serikali za mitaa si mtendaji wa kijiji peke yake. Halmashauri nzima ni mamlaka hiyo, na afisa ustawi wa jamii wa wilaya yumo. Kama mtendaji ni ndugu wa familia, hakuna kinachokulazimisha kupitia kwake.

Na mjue, siku mahakama ikikuita kama shahidi, kusema "ni siri ya kazi" hakukuondolei wajibu wa kujibu ulichokiona. Ndiyo maana ulichoandika siku ile kina uzito kuliko utakachokumbuka miaka miwili baadaye.

MamaWaKigwe

Mimi si nesi. Ni mama wa watoto wanne, wasichana watatu. Na mimi nilifanyiwa nikiwa mdogo, sikumbuki chochote, nimekuta tu niko hivi.

Wa kwanza mama mkwe alitaka. Sikuwa na sauti, nilikuwa mgeni kwenye boma la watu. Kilichomwokoa mwanangu ni nesi mmoja aliyenikalisha mimba ikiwa ya miezi saba, akamwita mama mkwe ndani, akamshikia kiti, akamwamkia vizuri, ndipo akamwambia mtoto akipata muwasho mleteni hapa, dawa ipo. Hakumtukana. Hakumwita mshenzi wa mila. Mtoto alipopata muwasho kweli, tukapeleka, akapona kwa wiki moja. Mama mkwe hakuigusa habari hiyo tena, kwa wote watatu.

Sasa nawauliza nyie manesi: yule mama anayeinama, mnamwonaje? Mkimwangalia kama jambazi hatarudi. Mara nyingi naye alilia usiku ule wakimshikilia mtoto.

MkungaWaKati

MamaWaKigwe, asante sana. Umesema jambo ambalo nilipaswa kulianza nalo kabla ya vifungu.

Nimjibu NesiWaKijijini kwanza, kwa sababu hofu yake si ya kubuni. Ni kweli kliniki ikinuka polisi, kina mama watakimbia. Lakini angalia tunachofanya sasa kwa jina la kuwavuta. Bibi yule aliyekaa kwenye benchi anajua sista ameona. Sista akinyamaza, bibi anarudi nyumbani na ujumbe kwamba hata zahanati wameona na hawana neno. Ukimya wetu unakuwa kibali. Mjukuu anayefuata atakatwa kwa ujasiri zaidi.

Mimi naona kosa letu kubwa linaanza nyuma, kwenye hudhurio la kwanza la mjamzito. Tunapima damu, presha, wingi wa damu, VVU, tunatoa chandarua, tunamruhusu. Hatumwambii kanuni ya siri yetu ilivyo. Ningependa kila mjamzito asikie tangu siku hiyo, kwa upole: "Mama, yako yote nitakutunzia. Kitu kimoja tu siwezi kukificha, mtoto akiumizwa. Hapo sheria inanitaka niseme." Akisikia mapema, siku ya kidonda hatasema sista amenisaliti. Na wengi watakwenda nyumbani na silaha ya kumwambia mama mkwe: wale wameshasema wataangalia, tukifanya tutakamatwa. Mama asiye na sauti kwenye boma anakuwa ameazimwa sauti ya zahanati.

Tena tutofautishe vitu viwili. Kovu la mama mwenyewe, la zamani, ninaloliona nikimzalisha, hilo ni siri yake asilimia mia. Alitendewa akiwa hana uwezo wa kukataa. Naliandika kwenye faili lake kwa sababu linaweza kusababisha kuchanika na kutokwa damu nyingi wakati wa kujifungua, basi. Silisimulii kwenye chai, wala simwiti mwenzangu aje aone. Kidonda cha mtoto ni jambo jingine: kinatoka damu leo, na nyumbani huenda wapo watoto wengine wa kike.

Mwanafunzi_wa_Uuguzi

Shikamooni wakubwa. Nina swali. Mbona kwenye VVU tunaambiwa tuheshimu siri ya mtoto hata dhidi ya wazazi? Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliruhusu mwenye miaka 15 kupima bila ridhaa ya mzazi, na majibu ni yake. Huku tunasema tutoe siri. Si mgongano huo?

MkungaWaKati

Marahaba. Hakuna mgongano, na umeuliza vizuri. Kote kuwili unamtumikia yule yule mmoja. Binti wa miaka 15 anakuja mwenyewe, siri inamlinda asifukuzwe nyumbani, kwa hiyo unaitunza. Mtoto wa wiki sita hawezi kuja mwenyewe, na anayeomba siri haiombi kwa niaba yake. Jiulize kila mara: nikinyamaza, nani anapata nafuu? Jibu likiwa si mgonjwa wako, simama ufikirie upya.

Dr_wa_Kata

Mimi ni tabibu, naunga mkono mada ila naomba tusiruke matibabu tukakimbilia taarifa. Mtoto wa wiki sita ana damu kidogo sana mwilini, damu mnayoiona ndogo kwake ni nyingi. Angalieni weupe wa viganja na macho, joto la mwili, kama ananyonya, kama anakojoa. Kidonda cha sehemu hiyo kinaweza kuziba njia ya mkojo kwa uvimbe. Ulizeni kama mama alipata chanjo za pepopunda akiwa mjamzito. Na wembe uliotumika kwa watoto kadhaa siku moja ni njia ya VVU na homa ya ini, kwa hiyo angalieni kadi ya mama na muulize ni lini hasa ilifanyika, maana dawa ya kinga baada ya kuambukizwa inapaswa kuanza ndani ya saa 72. Ikiwa chini ya hapo, kila saa ni mali.

Na chanjo apewe kama hali yake inaruhusu. Nimewahi kusikia mtumishi akimrudisha mama kwa hasira bila chanjo. Mtoto anaadhibiwa mara mbili.

Boda_Chang'ombe

Kwa nini msipige picha kwa simu muwatumie polisi? Ushahidi si huo?

MkungaWaKati

Hapana kaka, na naomba wauguzi wanaosoma hapa walizingatie hili kuliko yote niliyosema. Simu yako binafsi haiingii kwenye chumba cha mgonjwa kwa kazi hiyo. Picha ya sehemu za siri za mtoto ikikaa kwenye simu yako, kesho iko kwenye grupu la watumishi la WhatsApp, kesho kutwa iko mji mzima, na haitarudi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za afya na za watoto kuwa nyeti. Utakuwa umevunja sheria ukijaribu kutetea sheria, na mtoto atakuwa ameumizwa tena na mtu aliyevaa gauni jeupe.

Ushahidi wa muuguzi ni kalamu. Andika tarehe na saa. Andika ulichoona kwa maneno ya mwili: mahali kidonda kilipo, ukubwa, kibichi au kimeanza kupona, damu, usaha. Andika alichosema mama kwa maneno yake, kwenye alama za kunukuu. Usiandike "mama amemkeketa mtoto", maana hukuwepo. Chora mchoro mdogo kama unaweza. Saini, jina, cheo. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja unaosomeka na utie saini. Usifute, usichane karatasi. Kwenye kadi ya kliniki anayotembea nayo mama, usiandike kwa kirefu kiasi cha kumsomesha kila abiria wa daladala. Kirefu kinakaa kwenye kumbukumbu za kituo.

Sista_wa_Mjini

Niongeze la mjini, maana watu wanadhani hili ni la vijijini tu. Kuna mama msomi, ana gari, anakuja na bahasha: "Sista, tufanyie nyie hapa, kwa ganzi, kwa vifaa safi, kidogo tu, ili bibi yake aridhike." Anaongea kama anaomba huduma ya usalama. Na wapo wenzetu wanaoshawishika kwamba bora wao kuliko ngariba.

MkungaWaKati

Asante kwa kulileta. Hapo hakuna mjadala hata kidogo. Shirika la Afya Duniani limekataa kabisa ukeketaji unaofanywa na wahudumu wa afya, kwa sababu mikono yetu inakipa kitendo hicho sura ya tiba. Hakuna ugonjwa unaotibiwa na ukeketaji, wa mtoto wala wa mtu mzima. Kwa sheria zetu wewe muuguzi unakuwa mtenda kosa, na leseni yako iko chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 lina mamlaka ya kukuchukulia hatua hadi kukufuta kwenye rejista. Bahasha haitakulipia hiyo.

Na ukishamkataa usimwache aondoke hivi hivi. Anakwenda kwa mwingine. Mkalishe, mwite baba kama yupo, andika kwamba ameomba na umekataa, mjulishe mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo. Mtoto huyo bado hajakatwa. Kati ya visa vyote tulivyozungumza, huyu ndiye tunayeweza kumkuta akiwa mzima.

NesiWaKijijini

Nimesoma yote. La kumwambia mama mapema nimelikubali, nitaanza nalo wiki hii, ni kitu naweza kukifanya bila kumwomba mtu ruhusa. Lakini bado sijajibiwa usalama wangu. Na mama akifungwa, anayenyonyesha nani?

UstawiJamii

Ngoja nikujibu, hii ni kazi yangu.

Kuhusu mama: wewe hupeleki mashtaka, unapeleka taarifa. Kwenye taarifa hiyo andika pia kwamba mama ananyonyesha, kwamba amesema aliyefanya ni nani, kwamba amekuja mwenyewe kliniki. Hayo tunayatumia. Kazi yetu ya kwanza ni usalama wa mtoto na wa watoto wengine wa kike nyumbani, na Sheria ya Mtoto inataka maslahi ya mtoto yatangulie, ambayo ni pamoja na kunyonya. Nani ashtakiwe ni uamuzi wa wenye mamlaka hiyo. Mara nyingi mama anakuwa shahidi muhimu kuliko mtu mwingine yeyote, ila akiogopeshwa mapema anageuka.

Kuhusu wewe: usitoe taarifa peke yako. Mjulishe mfawidhi, na kama wewe ndiye mfawidhi, mpigie muuguzi mkuu wa wilaya au mganga mkuu wa wilaya, ili taarifa itoke kituoni na si kwa "sista fulani". Kama kata yenu ina kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto iliyo hai, itumie, lakini angalia kwanza nani ameketi humo. Kama mtendaji ana undugu, njoo moja kwa moja ofisi ya ustawi wilayani. Usiku au wikiendi piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto nacho kinapokea, uliza dawati, usiishie kaunta. Na kama mtoto yuko hatarini kwa afya, mpe rufaa ya kawaida kwenda hospitali ya wilaya kwa sababu za matibabu. Hiyo ni kweli, si uongo, na inamtoa yeye na mama yake kijijini bila kelele. Sisi tutawakuta huko.

NesiWaKijijini

Hilo la rufaa sikuwa nimeliona hivyo. Tukiwapa rufaa Jumatatu, mnakuwa mmepata taarifa saa ngapi?

UstawiJamii

Piga kabla gari halijaondoka kituoni. Taja umri wa mtoto, kituo ulichotoka na hospitali anayokwenda. Jina lake usilitaje kwenye simu wala kwenye ujumbe wa maandishi. Liwe kwenye fomu ya rufaa ndani ya bahasha iliyofungwa, apewe muuguzi wa zamu mkononi.